Kovu Lililofutwa kwa Penseli

Juzi kwenye kaunta ya pasipoti, karani alimtazama mama aliyekuwa mbele yangu, akaitazama picha yake, akamtazama tena.

"Mama, huyu ni nani?"

"Si ni mimi!"

"Na kovu la shavuni liko wapi?"

"Mpiga picha wa studio ya Ngara amelifuta kwa penseli. Yule ni fundi kweli!"

Karani akamrudishia picha. Mama akatoka hadi kwa mpiga picha wa kamera ya sanduku aliyekuwa pale nje, akarudi na picha ambayo bado ina maji, kovu lote limo.

"Huyu wa nje hajui kazi," akanung'unika. Karani akaipokea, akaigonga muhuri.

Nikachanganyikiwa. Fundi ni aliyemridhisha mama, au aliyeiridhisha serikali?

Zamu yangu ikafika. Karani akaitazama picha yangu yenye nywele, kisha upara wangu.

"Na wewe, mzee, ulipigwa Ngara?"