Barua Aliyoandika Télesphore

Musiniambie nitulie. Bwana yangu Télesphore, baba ya Colette wetu, alifanya kazi miaka kumi na moja, sekretere wa directeur mu biro moja ya majani ya chai hapa Bukavu, na walimufukuza mwaka wa 1984 juu ya sinema ya televizio. Sinema! Mutu ambaye hata pombe hakunywa.

Directeur, citoyen Mushagalusa (ni vile serikali ilituamuru kuita kila mutu, citoyen), alikuwa na televizio na video kwake Muhumba. Kila siku ya Mungu, kisha misa, alituita, watumishi na bibi zao, tuangalie kaseti zilizotoka Ulaya: watu ndani ya chombo kinachoruka katikati ya nyota. Hata kukaa kulikuwa kwa cheo. Yeye mu fauteuil, mashefu ku viti, makarani ku banc ya mbao, plantoni wa kutumwa-tumwa na wapishi chini ku mukeka. Sisi wanawake tulisimama nyuma. Télesphore alikuwa anatafsiri Kifaransa kwa Kiswahili, juu watu wa mukeka hawakukisikia.

Directeur alipenda sana mambo ya vyeo mule. Kapiteni anasema, musaidizi wake anapokea, anapitisha kwa luteni, luteni anapitisha kwa mutu wa mashini. "Munaona?" alikuwa anatuambia. "Amri inashuka, haipande. Na kwangu ku biro iko vile." Tunaitika, "Ndiyo, citoyen directeur." Wapumbavu sisi.

Siku moja kapiteni akashikwa na homa ya kichwa, akaamuru chombo kiingie ndani ya jua. Munganga akamupima. Musaidizi akasimama mbele ya wote, akasema maneno. Mushagalusa akageuka mbio: "Tafsiri hivi: kapiteni anaenda kupumzika!"

Bwana yangu, anayeogopa hata kukohoa mbele ya shefu, akaangalia watu wa mukeka. Muzee Venant, mupishi, akamuuliza toka ku mukeka: "Anasema nini, mwana wangu?" Télesphore akajibu vile ilivyokuwa: "Anasema, kapiteni, uko mugonjwa, tutakufa wote. Sheria ya chombo inaniruhusu nikutoe."

Mukeka wote ukapiga makofi. Wee! Watu wanaotukanwa toka lundi mpaka samedi, muache wapige! Na mimi nilipiga, nikapiga na vigelegele. Directeur akazima televizio, akatufukuza bila kutuaga.

Kesho yake, lundi, amri ikashuka. Directeur akamuambia shefu wa personnel: mufukuze, amechochea watumishi. Shefu wa personnel akamuambia Jean-Marie, shefu wa service, aliyekula Noeli kwangu, akaongeza nyama mara mbili. Jean-Marie akaenda kwa sekretere: andika barua ku mashini, kopi tatu, kazi yake inaisha leo saa kumi. Na sekretere ni nani? Ni yeye Télesphore! Hakuna hata mumoja aliyeona haya, akasema tutafute mukono mwingine. Kila mumoja alipitisha tu, akarudi ku kiti yake.

Mangaribi Télesphore aliingia ku nyumba na kopi yake mu bahasha. Nikaisoma. Safi, hakuna kosa hata moja, mistari imenyooka vizuri. Nikajua ni vidole vya nani.

"Papa Colette, ni weye uliandika hii?"

"Ni mimi."

"Na wakati ulifika ku jina yako?"

"Niliiandika kwa herufi kubwa. Ni vile wanaomba siku zote ku biro."

Niliwaka moto. Nilimutukana Mushagalusa, nikamutukana Jean-Marie na tumbo yake, majirani wakatoka kusikiliza, nami sikupunguza sauti. "Jana ulisimama kama mwanaume, nikasema huyu ndiye bwana yangu! Leo wanakuambia ujichinje, na weye unanoa kisu? Tayari walikuwa wamekufukuza! Wangekufanya nini tena? Mbona haukukatala?"

Akavua koti yake ya abacost, akaitundika ku musumari, akanyoosha mikono ya koti.

"Maman Colette," akasema polepole, "mpaka saa kumi nilikuwa ningali ku kazi."