Walinzi Watatu Mbele ya Ukuta

Kwa miaka thelathini na moja alisaga lenzi za miwani katika duka lenye dirisha moja, na kwa ishirini na miwili kati ya hiyo alicheza mpira wa meza, amesimama hatua tatu nyuma ya meza, akirudisha kila alichopigiwa. Watu wakampa jina la Ukuta. Jina likamganda. Hata mumewe, wakikorofishana nyumbani, humwuliza: "Sasa hapa nazungumza na mke wangu au na Ukuta?"

Goti lilipomwambia basi, aliweka raketi kabatini akabaki na kazi ya kuwatazama wengine. Alikuwa na namna yake. Wenzake wakitazama mkono, yeye alianza na miguu. Mchezaji wa kujihami, alisema, anaishi kwa miguu. Mkono unakuja kumalizia tu. Halafu aliangalia mpira unapigwa ukiwa wapi: ukiwa bado juu, au umeshuka usawa wa nyonga, mahali ambapo mtu anaweza kuukata kwa chini mpaka ukarudi mzito kama jiwe. Baada ya hapo alihesabu ni mara ngapi mtu anadanganya, yaani anakata kwa mkono uleule lakini mpira unakwenda mtupu, hauna mzunguko wowote, na mpinzani anautupa nje kama aliyesukumwa. La mwisho lilikuwa roho: matokeo yakiwa tisa kwa tisa, mtu huyu anashambulia walau mara moja, au anaomba Mungu mwenzake akosee?

Ndiyo maana shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenyekiti wa chama cha mchezo huo, alimjia dukani na fomu tatu mkononi.

"Shemeji, nafasi ya mchezaji wa kujihami kwenye timu ya wanawake ni moja, wanaoitaka ni watatu. Wewe ndiye mwenye macho. Njoo Jumamosi utupimie."

Ukuta aliipokea fomu, akaisoma, akakunja uso. Ilikuwa na visanduku vitano: nidhamu, usafi wa sare, ushirikiano, afya, na "uwezo kwa jumla".

"Uwezo kwa jumla ndiyo nini?"

"Shemeji, weka alama tu. Watu wa juu wanapenda visanduku."

"Nitaandika nyuma ya karatasi," alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulinuka jasho la wiki nzima na dawa ya kusafishia sakafu. Ukuta alikaa kwenye benchi la pembeni, mahali anapoona miguu vizuri. Wa kwanza kucheza alikuwa karani wa ofisi ya maji, dada mnene mwenye subira. Karani hakukata mpira hata mmoja. Alisimama karibu na meza akawa anausukuma tu, tapu, tapu, tapu, kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti isiyokuja. Mpinzani wake, msichana mwenye smashi kali, alivumilia seti mbili, ya tatu akapandwa na hasira, akaanza kupiga nje. Karani akashinda. Hakutoka hata jasho.

Ukuta alihisi mate ya kinyaa yakimjaa mdomoni. Kwake, kujihami ilikuwa kazi ya kiungwana, kazi ya kumwuliza mpinzani swali jipya kila mpira. Hii ilikuwa kukaa mlangoni na kumchosha mgeni mpaka aondoke. Aliandika: "Hana kosa, kwa sababu hafanyi kitu. Miguu imelala. Akikutana na mtu mwenye subira kama yake watacheza mpaka taa zizimwe."

Wa pili alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, aliyetoka zamu moja kwa moja. Huyu alirudi nyuma hasa, akapiga goti, akaukata mpira chini kabisa karibu na sakafu, ukapanda taratibu, ukavuka wavu kwa unene wa kidole. Mpinzani akaupiga ukaishia kwenye wavu. Akakata mwingine, mkono uleule, mpira ukaenda mtupu. Mpinzani akautupa nje. Ukuta alijikuta ameinama mbele, goti lake bovu limesahaulika. Lakini Muuguzi alipovutwa mbele kwa mpira mfupi alichelewa kurudi, tena na tena, na mpinzani akalijua tundu hilo. Alishindwa seti tatu kwa mbili. Ukuta aliandika ukurasa mzima, mabaya mengi kuliko mazuri, kwa sababu mabaya yake yalikuwa ya kurekebishika.

Wa tatu alikuwa Barafu.

Barafu alikuwa mwanafunzi wake. Alimfundisha miaka sita, kuanzia kushika raketi. Alimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kutetemeka, na moyoni Ukuta alikuwa ameshampa nafasi hata kabla hajakaa kwenye benchi. Mwenyekiti naye alikuja kukaa karibu. "Huyu ndiye wetu," alinong'ona.

Barafu alianza kushinda tangu mpira wa kwanza. Mpinzani alipiga kwa nguvu zote, Barafu akaweka raketi, mpira ukarudi umejaa mzunguko wa ajabu, mpinzani akaupiga ukaishia wavuni. Watu wakapiga makofi. Ukuta hakupiga. Alikuwa akitazama miguu, na miguu ilikuwa wima. Akatazama mkono. Mkono haukukata chochote. Uliwekwa tu mbele ya mpira, kama mtu anayezuia mlango kwa kiganja. Raba ya kawaida, ile ngozi ya raketi yenye vipele virefu, ukiishika kizembe namna ile, mpira unaruka juu, mpinzani anakuzika. Huu ulikuwa unarudi umebeba mzigo ambao Barafu hakuutia.

Alirudia kuangalia mipira kumi, na kila mmoja ulirudi vilevile.

Mchezo ulipokwisha, alisimama, akaenda mezani. "Nipe raketi yako."

"Kuna nini, Mama?"

"Nipe."

Alipitisha ncha ya kidole juu ya vipele. Kidole kile kilikuwa kimeshika lenzi miaka thelathini na moja. Kilijua tofauti ya kioo kilichosuguliwa na ambacho bado. Raba ile iliteleza kama kigae kilichomwagiwa sabuni. Aliinusa. Mafuta ya mashine yaliyokaangwa na jua. Aliishusha haraka, kama aliyeshika kitu kilichooza.

"Umeifanyaje?"

Barafu aliangalia pembeni. "Niliianika juani wiki mbili. Halafu mafuta kidogo. Kila mtu anafanya, Mama."

"Nani kila mtu? Huyu?" Alimwonyesha Muuguzi, aliyekuwa akivua viatu. "Dada, hebu mwazime raketi yako."

Mwenyekiti akainuka. "Shemeji, kupima raba si kazi yako, ni kazi ya refa."

"Basi mwache acheze pointi tano na raba halali. Tano tu."

Walicheza tano. Mpira wa kwanza uliruka juu, mpinzani akauzika. Wa pili vilevile. Wa tatu Barafu alijaribu kukata, lakini mkono ulikuwa umesahau; mpira ukaenda nje ya meza upande wa makocha. Watu wawili watatu wakacheka. Ukuta hakucheka. Alitazama ule mkono alioushika mwenyewe miaka sita, akiupinda, akiunyoosha, akiurudisha chini, akaona umelegea kama kitambaa cha deki.

"Ulikuwa na mkono," alimwambia. "Mzuri. Umeuacha uoze ukiutazama."

Barafu alijifuta uso, na sasa alikuwa na hasira. "Mama, si wewe uliyetuhadithia raba yako ya zamani? Iliyokuwa inateleza? Ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu, ukituambia wapinzani wako walivyokuwa wanalia."

"Enzi zile iliruhusiwa," Ukuta alisema.

"Najua. Lakini utamu wake ni wewe uliyetusimulia."

Ukuta alichukua karatasi zake, akatoka nje. Alijikumbuka alivyokuwa akisimulia hadithi ile kila mwisho wa mazoezi, akiiongezea chumvi, wasichana wamemzunguka. Miguu aliwafundisha kwa ukali. Hila aliwafundisha kwa kicheko, nao wakashika walichofundishwa kwa kicheko. Kinyaa alichomwonea Barafu kikahamia kwake mwenyewe, na hicho hakikuwa na mahali pa kutemwa.

Usiku ule mumewe alimkuta amekaa jikoni na fomu. "Andika ukweli ulale," alimwambia. Aliandika. Aliandika kwamba Barafu afungiwe mpaka ajifunze upya, kwamba Muuguzi apewe nafasi na miezi mitatu ya mazoezi ya kurudi nyuma haraka. Na mwishoni, bila kuulizwa, akaandika kosa lake mwenyewe.

Siku nne baadaye Mwenyekiti alikuja dukani anatabasamu. "Shemeji, ripoti yako imetusaidia mno. Tumemchukua Karani."

"Karani?"

"Si umeandika mwenyewe? 'Hana kosa.' Kamati ikaona ndiye asiye na matatizo."

"Sentensi haikuishia hapo, shemeji."

"Unajua watu hawasomi mpaka mwisho. Na ule ukurasa wako wa kujilaumu tumeutoa, usije ukakuaibisha."

Ukuta alizima mashine. "Toka dukani kwangu," alisema kwa sauti ndogo. Mwenyekiti alidhani ni utani wa mashemeji, akaanza kucheka. Alipomwona usoni, akatoka.

Muuguzi alipewa ile karatasi yake yenye mabaya mengi, na Jumamosi zilizofuata Ukuta alikuwa akikaa kwenye kiti mbele yake, akipaza sauti: "Rudi! Rudi! Unamngoja nani?"

Barafu alikuja mwezi wa pili baada ya hapo, mchana, duka likiwa tupu. Aliweka raketi kwenye kaunta. Raba mpya, vipele vikavu. "Nataka kuanza mwanzo, Mama."

Ukuta aliigusa kwa kidole. Ilikuwa halali. Alitafuta huruma ndani yake, akaipata, lakini ilikuwa nyuma ya kitu kingine ambacho kilikuwa bado hakijatoka.

"Sasa hivi nikikuona tumbo linanichafuka," alisema. "Na nikijiona kwenye kioo, vilevile. Siwezi kumfundisha mtu katika hali hii."

"Lini basi?"

"Sijui. Ruka kamba. Fanya miguu peke yako. Njoo uniulize tena mwezi ujao."

Barafu alichukua raketi yake, akaaga kwa heshima, akaondoka. Ukuta akavuta kiti, akawasha mashine, akaendelea kusaga lenzi ya mteja aliyeahidiwa saa kumi.