Picha Iliyoinama Kati ya Papa na Mukwe Wake

Siku ya ine ya juma, tarehe kumi na ine, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza mbele ya kupambazuka, ikakatika saa sita za mchana. Kisha jua likatoka juu ya ziwa na mabati ya mutaa wetu wa Muhumba yakaanza kutoa moshi.

Mutoto wetu wa kike amezaa binti huko ndani ya Shabunda, mahali bwana yake, mukwe wetu, anafundisha na network ya telefone haifiki. Barabara imekatika, ndege hatuiwezi. Lakini mume wangu alifanya kazi ya phonie, kupitisha habari kwa radio, maisha yake yote. Hata sasa amestaafu, eko na ruhusa yake ya radio na antena juu ya nyumba, na mukwe alijifunza kwake. Wanaongea kila mchana. Kwetu babu njo anatoa jina, lakini huyu wangu alisema tangu mwanzo kwamba hataita mutu ambaye hajamuona uso. Ubatizo ni siku ya Mungu hii, Jumapili. Padri atapita kule, halafu hatarudi mbele ya Pasaka.

Nitajaribu kueleza namna picha inapita kwa radio. Nikikosea, wenye kujua watanisamehe. Kompyuta ya kule inageuza picha kuwa sauti, kama filimbi inayopanda na kushuka. Kompyuta yetu inasikia ile filimbi na kuchora, mustari chini ya mustari. Ndani ya kila moja kuna kipande cha kusikia sauti, karte-son, chenye saa yake ndogo. Kama saa ya huku na ya kule hazitembei sawa, kila mustari unaanza pembeni kidogo ya ule wa mbele yake, na picha yote inainama kama ukuta unaotaka kuanguka.

Picha ya kwanza ilifika juzi, siku ya pili. Shavu la mutoto lilikuwa limeenda kuume, mbali na pua. Mume wangu aliangalia, akashika mikro.

"Nzuri sana, mukwe. Aksanti."

"Nzuri wapi?" nilimuuliza alipoweka mikro chini.

"Sasa nimuambie mukwe kama mutoto wake amepinda?"

"Sema mashine njo imepinda."

"Mashine ni yake, maman. Ni sawasawa."

Sikumubishia. Kwetu mukwe haambiwi kosa lake usoni, na yeye hakuambii lako. Mume wangu alituma picha yetu wawili mbele ya mulango, kama salamu, na mukwe akajibu: "Nzuri sana, papa." Kisha mume wangu akaingia ndani ya kompyuta yetu, akasogeza hesabu ya saa, ili kosa la kule lisionekane tena.

Jana picha ya pili ikafika. Imeinama kushoto.

"Ule kijana anacheza na mashine," alisema. "Siku ya Mungu ndiyo hii, na miye siwezi kupatia ukuta jina."

Nilikuwa karibu kukubali. Lakini niliona si haki kumuhukumu mutu bila kusikia upande wake. Leo mvua ilipokatika nikaomba mikro niongee na mutoto wangu. Shiye wanawake hatuna ile haya.

"Picha yetu ya pale mulangoni ilifika namna gani?"

Alicheka. "Ilifika mumelala upande, mama. Papa alikuwa kama mutu ametoka kunywa kasiksi."

"Na bwana yako alisema nini?"

"Aliuliza nani atamuambia papa. Akatengeneza mashine yetu, siku ile ile."

Mume wangu, pembeni yangu, aliinamisha kichwa. Kila mumoja alikuwa amefuata saa ya mwenzake, bila kusema neno. Ni kama watu wawili wanaotoka saa ile ile kutembeleana, na kila mumoja anakuta nyumba ya mwenzake imefungwa.

"Sasa nani eko sawa?" nilimuuliza.

"Mukwe hawezi kupima mukwe. Tutafute saa ya mutu mwingine."

Kuna kituo cha mbali, sijui cha inchi gani, ambacho kazi yake ni kupiga saa tu: tik, tik, tik.

"Ile haina mukwe," alisema.

Akamuambia kijana atafute kituo kile kile, kila mutu arudishe hesabu ya zamani na apime yake. Tukaacha kompyuta isikie. Kila tik inaweka alama chini ya ingine; kama saa ni sawa, alama zinasimama wima kama shanga kwenye uzi. Zetu zilikimbia pembeni. Alisogeza hesabu, akangoja, akasogeza tena.

"Imesimama," alisema.

"Ngoja."

Tulingoja. Chini kabisa zilikuwa bado zinaenda kidogo. Akasogeza tena, mpaka alama zote zikasimama wima.

"Papa," mukwe aliita, "samahani, kosa ilikuwa kwangu."

"Hapana, ilikuwa huku."

"Papa, naomba ibakie kwangu."

"Miye njo mukubwa. Ni yangu."

Nilichukua mikro. "Zetu zilikimbia sana. Na zako?"

"Kidogo tu, maman."

"Basi kosa kubwa ilikuwa huku, ndogo kule. Leteni mutoto."

Picha ikashuka polepole: nywele, paji, macho yaliyofungwa, pua katikati, mahali pake. Mume wangu alisogea mpaka pumzi yake ikafunika kioo.

"Angalia sikio," alisema. "Namna limeshikana na kichwa. Ni la mama yangu."

Mama yake nilimukuta akiwa tayari mugonjwa, kitambaa kichwani siku zote. Siwezi kuapa kuhusu sikio. Lakini sikumubishia.

Alitoa jina la mama yake kwenye mikro, herufi moja moja, kama alivyofanya kazini, akaomba mukwe arudilie. Mukwe akarudilia. Nyuma yake nilisikia mutoto wetu akisema, "Amesikia, papa. Amefungua macho."

Jioni tulikula bugali, samaki ndogo za sambaza za kukaanga na mboga ya lengalenga. Mume wangu alikula kwenye meza ya radio, mbele ya ile picha, na mikro aliigeuza ukutani, kwa sababu kwetu mutu hatafuni mbele ya mukwe wake.