Foleni Iliyokatika Siku ya Ijumaa

Nilianza kumwonea kijicho kabla hata sijaisikia sauti yake. Alishuka kwenye gari la shirika lililokuwa likiwasomesha vijana wa kambini, mkononi ana begi jipya, na mlezi wa mabweni akatoka mwenyewe kumpokea. Mimi nilipofika chuoni hapo mwaka uliotangulia, kwa miguu kutoka kwetu Ujiji, aliyenipokea alikuwa mbuzi wa mpishi.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi mkoani kwetu, na wachache tu walipata kibali cha kutoka kambini kuja kusoma ufundi. Chuo chetu cha wananchi kilikuwa juu kidogo ya Katubuka. Kilifundisha useremala, uashi na ushonaji. Yeye akaletwa darasani kwetu kwenye ushonaji, akakalishwa meza iliyo mbele ya yangu, akapewa cherehani yenye mkanda mpya. Yangu ilikuwa inakata uzi kila ikijisikia. Alikuwa na sare ya kubadilisha, alikuwa na kitanda bwenini, na kengele ya mchana ikilia alikuwa na sahani yake bwaloni.

Sahani ndiyo iliyoniuma kuliko vyote. Sisi wanafunzi wa kutwa hatukuwemo kwenye hesabu ya jikoni. Wa bweni wakiingia bwaloni, sisi tulikaa nyuma ya karakana tukitafuna muhogo wa kuchemsha, na harufu ya migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese ilitufuata hukohuko. Wenzangu wa Buzebazeba walikwenda kula makwao, na wakishafika nyumbani hawaonekani tena mpaka kesho. Kila muhula darasa la mchana lilizidi kupwaya, na wengine wakaacha chuo kabisa.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba wanafunzi watachagua mwakilishi wao kwenye bodi ya chuo, niliona kiti kimekuja kunitafuta. Bodi ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho kuhusu karo, mabweni na jiko. Walikaa humo shehe, padri, mama mmoja tajiri wa dagaa, mkuu wa chuo kama katibu, na mwenyekiti wao, mtumishi mstaafu aliyehamishiwa Kigoma kikazi, akanogewa, akabaki. Mwanafunzi alikuwa na kiti kimoja tu. Nilijiona nimekaa pale, mikono juu ya meza, nadai chakula cha mchana kwa wanafunzi wa kutwa.

Wa bweni wakampendekeza yeye. Mwalimu mmoja akauliza kama mkimbizi anaruhusiwa, na moyo wangu ukachangamka. Mkuu wa chuo akajibu kwamba katiba inasema mwanafunzi, haisemi mwanafunzi wa wapi. Nilinung'unika kuliko wote, mimi ambaye babu yangu alivuka ziwa kutoka Kongo akaja kuigeuza Ujiji kwao bila kumwonyesha mtu kibali.

Kwenye kampeni nilizungumza vizuri mno. Nilisema mahudhurio, nilisema maendeleo, nilisema haki ya chakula, mpaka mafundi seremala wakagonga meza. Yeye alisimama, akasema atajitahidi, akakaa. Mkuu alipouliza siku gani inafaa kupiga kura, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: Ijumaa. Wajumbe wa bodi walikuwa na desturi ya kupita chuoni Ijumaa, nami nilitaka waione sura ya mjumbe mwenzao mapema.

Kura zetu zilikuwa za kupanga mstari. Mgombea husimama akitazama ukuta wa karakana, wanaomtaka hujipanga nyuma yake, na haruhusiwi kugeuka, asije akawakariri waliomnyima. Nilisimama. Nikasikia nyayo zinakuja upande wangu, nyingi, na kucheka kwa vijana wa Ujiji nilikokujua tangu utoto. Niliutazama ukuta huku natabasamu.

Mlezi akahesabu, akapotea katikati, akaanza upya. Alipokaribia kumaliza, mwenyekiti wa bodi akaingia, amechelewa, akataka kuhesabu kwa macho yake mwenyewe. Hapo ndipo adhana ilipoanza.

Wanawake wa kwetu walikuwa wakiswali nyumbani, na kwangu mimi Ijumaa haikuwa siku ya kwenda popote. Nikasikia kandambili zinaondoka nyuma yangu, taratibu kwanza, kisha kwa haraka. Maseremala wote na waashi karibu wote. Wasichana waliobaki wakachoshwa na jua, wengine wakaenda kununua maandazi wakisema wanarudi sasa hivi.

Upande wake hakuondoka mtu. Wenzake wa kambini walikuwa wamekulia kwenye foleni za mahindi, za maji na za sabuni, na walijua anayetoka kwenye nafasi yake hulala bila. Walikuwa wamewapanga wa bweni wote, kila mmoja kaweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake. Hata hilo nililionea wivu, kule kujua kusimama.

Tuliporuhusiwa kugeuka, mwenyekiti alinitazama kwa huruma. "Binti, watu wako wako wapi?"

"Wamekwenda kuswali, mzee."

"Haya. Swala ni swala, na kura ni kura."

Kiti kikaenda kwa yule wa kambini, nami nikamsubiri aharibu. Nilikuwa na hakika atawaombea wa bweni magodoro, nami nitapata la kusema. Baada ya kikao chake cha kwanza, mkuu akatutangazia gwarideni kwamba muhula ujao, wanafunzi wa kutwa nao watakula mchana bwaloni: mahindi ya shamba la chuo, samaki kwa msaada wa yule mama wa dagaa. Watu wakampigia makofi yeye. Nilimfuata mpaka bombani.

"Yale yalikuwa maneno yangu," nikamwambia.

Akatua ndoo. "Ego, ndiyo, dada. Niliwaambia kabisa kwamba ni wewe uliyesema. Mimi niliongeza tu kwamba nakusikiaga, tumbo linakunguruma pale nyuma yangu kila saa nane."

"Uliwaambia bodi habari za tumbo langu?"

"Shehe alicheka sana. Halafu wakakubali."

Hotuba yangu yote ile, na aliwashinda kwa tumbo langu. Hata kinyongo alikuwa ameninyang'anya, maana unamchukiaje mtu aliyekutaja kwa wema?

Siku ya kwanza ya chakula nilichelewa makusudi, nionekane sina njaa, nikajikuta mwisho wa foleni. Akaja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani kama watu wa kambini. Nilitaka kuutikisa ule mkono, nikaona foleni inasogea, nikasogea nayo.

Migebuka ilikuwa mitamu. Nilikula yote, nikalamba mawese vidoleni, na bado nilikitaka kile kiti.