Hortense na Simu ya Wanaouguza

Hortense alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa kicheko kikubwa, mpaka Jumapili ile mume wake Albert alipoanguka uani akiwa amevaa shati la misa. Albert alinusurika kifo, lakini upande mmoja wa mwili ukapooza na ulimi ukawa mzito. Mwanamume aliyezoea kusimama mbele ya tanuri la shaba sasa alikuwa wa kuogeshwa, kugeuzwa kitandani, kulishwa bukari, ule ugali wao, tonge kwa tonge. Kwaya Hortense akaiacha. Majirani zao wa mji wa Likasi walipita wakiuliza, "Albert anaendelea?" Yeye hakuulizwa kitu.

Asubuhi moja simu ililia akichambua mboga. Alikuwa Marlène, muuguzi wa parokia, aliyeanza na wenzake kuwapigia simu watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Hortense akaanza kueleza hali ya mgonjwa.

"Hapana, mama," Marlène akamkatiza. "Habari ya Albert nitauliza kisha. Weye, unalala? Nani anakuchunga weye?"

Hortense akaziacha mboga. Akalia, na Marlène hakukata simu.

Akaingizwa katika kundi la WhatsApp ambamo wanaouguza hutumiana jumbe za sauti: namna ya kumwinua mtu mzito bila kuvunja mgongo, hasira za jana, hata vichekesho. Huko akapata moyo wa kumwomba wifi yake akae na Albert siku za mazoezi, akarudi kwaya. Ndipo Marlène akamwomba naye awapigie wengine.

"Minye? Sikusoma sana."

"Tunatafuta muntu mwenye anajua kusikiliza."

Kati ya aliowapigia alikuwemo Clovis, mchimbaji wa Kakanda, aliyeishi na mama yake aliyepotewa na kumbukumbu. Siku moja akamwambia:

"Mama, nafungaka mama yangu mu nyumba, naenda kuchimba. Leo nimekuta amejiunguza mukono. Minye niko muntu mubaya."

Hortense angeweza kumgombeza. Akakumbuka hasira zake mwenyewe kando ya kitanda cha Albert.

"Muntu mubaya hangesema, mwana yangu. Umupeleke ku dispensaire sasa, bamutunze mukono. Kisha tutatafuta njia, weye na minye."

Njia aliipata kundini. Sephora, mchuuzi wa hapo hapo Kakanda, alikuwa akimuuguza baba yake, mzee mzito kiasi kwamba Sephora hakuweza kumwogesha peke yake. Hortense akawaunganisha. Clovis akawa anamwogesha mzee kabla ya kwenda kazini, na mama yake akashinda kwa Sephora, akichambua maharage na kusimulia mambo ya ujana wake. Mlango haukufungwa tena kwa kufuli.

Wanaouguza walipokutanika katika ukumbi mmoja huko Mulungwishi, Marlène alimwita Hortense azungumze mbele ya wote. Albert naye alikuwepo. Clovis ndiye aliyembeba kutoka kwenye taksi-basi na kumketisha mstari wa mbele. Hortense alisimama akiwa amevaa kitenge kipya, akasimulia bila kuficha machozi yake wala hasira zake.

Albert akamvuta mkono mtu asiyemjua aliyeketi kando yake, akamwonyesha mkewe kwa kidole. Akapigana na ulimi wake, neno baada ya neno, mpaka yakatoka kwa sauti iliyosikika na kila mtu:

"Ule... njo... bibi yangu."

Watu wakapiga makofi. Hortense akacheka kile kicheko chake kikubwa, akainua kichwa, akaendelea kusema.