Keekee Kwenye Kifua cha Mzee Bundala

Haya, ngojeni nicheke mimi kwanza ndipo mcheke nyie, maana hili jambo nimelificha sana, na aibu yake bado inanichoma masikio kila basi linapopita Nyakahura. Mimi Leokadia, msomi wa mbao mnayeniona hapa, niliwahi kutoa keekee kwenye begi mbele ya kijiji kizima, na kila aliyekuwepo aliamini nimekuja kumtoboa mzee wa watu kifua.

Msinitazame hivyo, nitaeleza.

Nilikuwa namalizia masomo chuoni na utafiti wangu ulihusu mti wa mkola, ule ambao mbao zake mchwa wanazipita kando kama hawazioni. Nilitaka kujua ndani yake kuna kitu gani kinachowafukuza, nikitoe, nikipake kwenye mbao laini za bei nafuu, ili mtu akiezeka nyumba yake asije akaanza kufagia unga wa paa baada ya miaka miwili. Nilibakiza sampuli moja tu, ya mkola mkongwe, na msimamizi wangu alishasema bila hiyo hakuna matokeo, na bila matokeo hakuna kuhitimu, nirudi nyumbani Ngara nikapalilie migomba. (Mama alikuwa ameshawatangazia wanakwaya wenzake wote kwamba nahitimu, kwa hiyo kurudi mikono mitupu hakukuwezekana.)

Sasa, tatizo langu ni ulimi. Mimi ni Mhangaza, na L kwenye karatasi siikosei hata kidogo, ila ikifika mdomoni inatoka R. Hata jina langu mwenyewe nalitamka Reokadia. Barua ya chuo nilikuwa nayo, imeandikwa vizuri, mhuri juu, na kazi yangu ilikuwa kuifikisha ofisi ya kijiji na kukaa kimya. Lakini nilipofika Nyakanazi, nikisubiri sahani ya wali maharage, nikaona kwa nini nipoteze siku nzima, acha nimpigie mwenyekiti wa kijiji ajiandae. Balaa lote lilianzia pale, hata wali haujaletwa.

"Shikamoo Mwenyekiti. Natoka chuo kikuu, nimetumwa kuja kuchunguza. Natafuta mkora mmoja."

Kwa mliosahau: mkola ni mti. Mkora ni mhuni, mwizi, mtu wa hovyo.

Mwenyekiti, Mzee Masunga, ni Msukuma, familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, na wiki ile (haya nilikuja kuyajua baadaye) ng'ombe wa jirani yake walikuwa wameingia shambani kwake wakamaliza mahindi, kwa hiyo kichwani mwake hakukuwa na nafasi ya mti.

"Mkola wa namna gani?" akauliza. Maana ulimi wake yeye unakwenda upande wa pili, R zote kwake ni L.

"Mkubwa, mgumu, mzee."

"Tunaye."

Tunaye, badala ya tunao! Nami nikajisemea, ah, ngeli huku zinapotea njiani (mimi huyu wa kumcheka mtu Kiswahili).

"Utamfanya nini?"

"Napima usawa wa kifua," nikasema, kwa sababu ndipo unene wa mti unapopimwa, "natoboa mpaka kwenye moyo, nachukua kipande kidogo. Nikifika maabara nakikausha, nakisaga, nakichemsha, kinachobaki nawapa mchwa."

Nikamsikia akifunga mlango.

"Hiyo ni shelia mpya?"

"Ni utafiti, Mwenyekiti."

"Basi njoo. Utamkuta."

Nilifika Nyakahura nikakuta watu wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji, wengine wameacha biashara zao gulioni, na walinzi wa sungusungu wamesimama na fimbo zao kwa nidhamu, nikafurahi, nikasema kumbe sayansi inapendwa huku. Katikati ameketishwa mzee mmoja kwenye kigoda, shati jeupe safi, mikono ameikunja, na nyuma yake mkewe na mwiko mkononi, alivyotoka jikoni ndivyo alivyokuja. Nikajua huyu ndiye mwenye mti. Nikawaamkia wote, nikauliza mkora uko wapi, na Mzee Masunga akanyoosha kidevu.

"Huyu hapa."

Nikatazama nyuma ya mzee. Ukuta na baiskeli. Nikadhani basi mti uko shambani, huyu ni wa kunipeleka, na nilivyo mwema nikaona nimtoe wasiwasi kabla hatujaondoka. Nikatoa keekee.

"Mzee, usiogope. Tundu rake dogo tu, na nikimariza nitariziba kwa nta."

Jamani! Mzee aliruka, kigoda kikaenda kule. "Nitobolewe kifua kwa ajili ya mahindi?"

"Tena mahindi yenyewe yalishakauka!" mkewe akapiga kelele, na mwiko ukaja juu ya kichwa changu, sungusungu mmoja akaudaka.

Ndipo akili ikanirudia nikatoa barua. Mzee Masunga akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno, akafika mahali kidole kikasimama.

"Binti, kumbe ni mti? Mkola?"

"Ndiyo, mkora."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Mzee mwenyewe, aliyeitwa Bundala, yule jirani mwenye ng'ombe, hakucheka.

"Mkola mkubwa kijiji hiki ni mmoja, na uko kwangu," akaniambia. "Wachoma mkaa nimewafukuza na fimbo. Na wewe leo umenikalisha hapa kama mwizi, mbele ya wakwe zangu."

Akaondoka na mkewe. Mimi nikaenda kupanga chumba Lusahunga, na njia nzima nililia, tena si kwa ajili ya sampuli peke yake, lile shati jeupe lilikuwa limeniuma. Mtu alivaa vizuri kwa ajili ya kuaibishwa.

Asubuhi nikaenda kwake, nikapiga magoti, nikamwamkia.

"Nimekuja kuomba msamaha, mzee. Na mkora."

Mkewe akaguna. Mzee akasema, "Litamke vizuli, nitakupa."

"Mkora."

"Ludi kesho."

Kesho yake vilevile. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha gesti mpaka dereva wa lori wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza huyo mkora nimemkamata au bado. Siku ya tatu ulimi ukanigomea tena, na hasira zikanipanda, heshima yote nikaisahau.

"Na wewe mzee, hebu sema mkora!"

"Mkola," akasema, kifua mbele.

"Mkora."

"Si ndiyo hivyo? Mkola."

Mkewe akakaa chini, khanga usoni, mabega yanatikisika. Mzee akajaribu tena, polepole, mdomo ukipindapinda, likatoka lilelile, na hapo naye akashindwa kujizuia.

Alinipeleka mwenyewe kwenye mti, na akaagiza Mzee Masunga aitwe aje ashike utepe wa kupimia. Masunga alikuja, akaomba radhi huku ameukumbatia mti ule mzima. Nilipoweka keekee usawa wa kifua, Mzee Bundala akaweka kiganja kwenye gome.

"Talatibu, mwanangu. Juzi ilikuwa zamu yangu."

Nilihitimu, mama aliimba. Na niliapa: barua kwanza, mdomo baadaye, na nikifika msituni naonyesha kwa kidole. Lakini Mzee Bundala ana namba yangu, na akinipigia husema, "Haloo, mkola wangu, hujambo?" Namwitikia shikamoo, tunaongea mvua na mifugo, tunaagana. Mpaka leo sijui ananiita mti au mwizi, na siwezi kumuuliza, maana itabidi nilitamke.