Kompyuta Niliyoisingizia Ugonjwa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa katika kituo kimoja cha utafiti wa mbegu huko Makueni, niandike programu za kompyuta yao ya pekee. Nilikuwa na kozi ya miezi mitatu tu, lakini pale kila mtu aliniita mtaalamu, hata mkuu wa kituo. Nami sikumsahihisha yeyote.

Kazi ya kwanza ilikuwa orodha ya wakulima wa kupewa mbaazi zinazokomaa haraka: nani, wa kijiji gani, pakiti ngapi. Kwetu watu hupanda kwenye udongo mkavu, kabla ya tone la kwanza, maana mvua yenyewe ni ya kuvizia. Orodha ilitakiwa katikati ya Oktoba, na bila orodha stoo haifunguliwi.

Programu ilifanya kazi wiki ya pili. Ilitoa majina yote, sawasawa. Lakini majina marefu yalivuka mstari, na ukibonyeza herufi mahali pa namba ilikwama. Nami nilikuwa nimesikia kwamba kuna mtaalamu wa kweli atakayekuja kutoka Nairobi kuikagua. Basi nikaibomoa, nikaanza upya. Nikaibomoa tena. Nilijiambia napenda kazi safi. Uongo mtupu, niliogopa kujulikana. Karani alijitolea kuandika orodha kwa mkono, nikamkatalia kwa madaha, eti hayo ni mambo ya kizamani. Mkuu alipouliza, nikasema kompyuta ni mgonjwa.

Habari zikafika kanisani kwetu. Jumatano, kwenye maombi, mama mmoja mjane, mkulima aliyekuwa kwenye orodha ileile, akaomba tuikumbuke ile mashine. Watu wazima wakafumba macho wakamsihi Mungu aiponye kompyuta. Nilikuwa katikati yao, na niliitika amina. Nikiikumbuka amina ile, mpaka leo uso hunichoma.

Mvua ilinyesha kabla sijamaliza. Siku nne baadaye nilichapisha orodha kwa programu ya wiki ya pili, ambayo nakala yake ilikuwa bado kwenye diski, kwa sababu zile nyingine zote zilikuwa vipande tu. Mtaalamu wa Nairobi hakufika kamwe. Yule mama alipokuja kuchukua pakiti zake nilimuuliza kama atawahi kupanda. Akaniambia shamba limeshapandwa. Alikuwa amepanda mbaazi alizoweka za kula, zilizotobolewa na wadudu, maana mvua haingemngoja.

"Hii nitaweka ya mwaka ujao," alisema. "Usijali, mwanangu. Tunajua vile umehangaika na hiyo mashine."

Jumapili alitoa ushuhuda kwamba Mungu ameiponya kompyuta. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaniita mbele, akaniomba niwaeleze washirika ugonjwa wenyewe ulikuwa nini. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Yule mama alikuwa ananitazama kwa fahari, kana kwamba ni yeye aliyenizaa.

Nikasema ni vumbi.